Anayepima kabla ya kufungua: kumpata fundi wa gari la kasi la Ulaya lililozeeka, Kampala

BMW 330i ya 2003 ikianza kuchemsha kwenye foleni ya Jinja Road jioni, mwenye gari atapewa dawa tatu kabla hajafika Nakawa: toa themostati, funga feni moja kwa moja, jaza maji uende. Wanaomshauri hivyo si waongo. Dawa hizo zimefikisha nyumbani pikapu na matatu nyingi tu. Lakini kwenye injini ya M54 iliyo ndani ya hiyo 330i, kila moja huficha ugonjwa kwa wiki kadhaa, halafu bili inakuja kwa jina la silinda hedi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji matupu yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Themostati ya M54 hufunguka karibu na nyuzi 97. Kwa hiyo siku kifuniko cha tanki la maji kinaposhindwa kushika presha, maji matupu yanachemka kabla themostati haijaanza kazi yake. Injini hiyo hulindwa na presha pamoja na kulanti iliyochanganywa sawasawa, na kimoja kikikosekana kingine hakitoshi. Fundi anayelijua hilo atashika kifuniko kwanza na kukipima. Asiyelijua ataishika themostati, maana ndiyo aliyozoea kuilaumu.

Gereji zetu nyingi zimelelewa na Toyota kutoka Japani, kisha Subaru. Fundi aliyekulia humo anaweza kuwa na sikio kali kuliko mashine, ila mikono yake imezoea magari yanayosamehe. Gari la kasi la Ulaya lenye miaka 20 halisamehe. Plastiki za mfumo wa maji zimekauka, raba zimepasuka, bolti nyingine ni za kutumika mara moja tu, na kompyuta zake zinasemezana zenyewe kwa zenyewe. Halafu kuna sheria ya 2018 iliyozuia kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe. E46, kizazi cha BMW cha hiyo 330i, za mwisho zilitoka kiwandani 2006. Zilizopo Uganda ndizo hizo, na hakuna nyingine itakayoingia ikiwa nzima ili ichinjwe spea. Kosa la fundi halina akiba ya kulifidia kama zamani.

Taja injini, nembo iache

Bango lenye duara la BMW na nyota ya Benzi halikuambii lolote. Benzi C180 na C63 AMG za kizazi cha W204 zinafanana mlango kwa mlango, ila injini zao hazina undugu wowote. Fundi aliyebadilisha breki za C180 mia moja anaweza kuwa hajawahi kuona M156, injini ya C63, ikiwa wazi. Kwa hiyo jifunze namba ya injini yako na ya giaboksi yako kabla hujaanza kuuliza watu, kisha uliza kwa namba hizo.

Swali moja zuri kwa mwenye M3 ya E46 ni hili: "Fundi, valvu za injini hii zinarekebishwaje?" M54 ya 330i ina tapeti zinazojirekebisha zenyewe kwa presha ya mafuta, hakuna cha kupima. S54 ya M3, ambayo kwa mbali inaonekana ndugu yake, inataka kupimwa kwa fila geji na kubadilishiwa vishimu vidogo, injini ikiwa baridi kabisa, chini ya nyuzi 35. Upande wa kuingiza hewa nafasi ni milimita 0.18 hadi 0.23, upande wa ekzosi 0.28 hadi 0.33. Hakuna anayemtaka fundi akariri namba hizo. Akisema "ngoja nitazame kitabu, ila gari lazima lilale hapa lipoe", huyo ameishaifanya kazi hiyo. Akisema "hizi ni za mafuta, hazirekebishwi", amekueleza kwamba hajawahi kuinua kava la S54, na amekueleza bure.

Kila injini ina swali lake la namna hiyo. Kwa Golf GTI ya Mk5 yenye 2.0 TFSI ya mkanda, uliza kuhusu kikombe kidogo kinachokaa kati ya kamshafti na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Kikisagika mpaka kitoboke, kinaila kamshafti. Kukikagua ni kufungua bolti chache tu, na fundi wa kweli atataka kukiona kabla hujamwomba. Kwa giaboksi ya DSG yenye klachi za kulowa, mafuta na filta ni kila kilomita 60,000, na kimo cha mafuta hupimwa yakiwa kati ya nyuzi 35 na 45 huku injini inawaka. Asiye na mashine ya kusoma joto hilo atakuwa anakisia. Kwa Benzi yenye giaboksi ya 722.6, uliza kuhusu plagi ya waya inayoingia ubavuni. Oringi zake zikichoka, mafuta ya giaboksi hupanda ndani ya waya taratibu, kama utambi wa taa, mpaka kwenye kompyuta. Watu wameuziwa giaboksi nzima kwa sababu ya plagi ile. Kwa M156 za mwanzo uliza habari ya bolti za hedi. Kwa Porsche 996 au Boxster ya 986, beringi ya shafti ya kati. Kwa E60 M5 na M3 ya E90, beringi za konrodi, ambazo tutazirudia.

Kusoma kodi si kupima

Kifaa cha bei rahisi cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani husoma hitilafu za injini zinazohusu moshi, basi. Hakioni ABS, hakioni mifuko ya hewa, hakioni SMG (giaboksi ya BMW) wala Airmatic (sasipensheni ya hewa ya Benzi). Gereji inayojiita ya BMW iwe na programu ya INPA au ISTA, ya Benzi iwe na Xentry, ya Volkswagen na Audi iwe na VCDS au ODIS. Omba uone ikiwashwa. Kompyuta iliyojaa vumbi juu ya kabati nayo ni jibu.

Kuwa nayo ni nusu ya habari. Chukua E46 iliyowasha taa ya injini na kutoa kodi (namba za hitilafu) P0171 na P0174 kwa pamoja. Maana yake kompyuta inaona mafuta machache kuliko hewa kwenye pande zote mbili za injini, silinda 1 hadi 3 na 4 hadi 6. Fundi wa kubahatisha husoma neno "oksijeni" kwenye skrini akakuuzia sensa mbili za oksijeni. Sensa hizo ndizo zilizotoa taarifa. Unamfukuza mlinzi aliyepiga kelele. Kama pande zote mbili zinalalamika sawa, kisa kiko mahali panapozihudumia zote: hewa isiyopimwa inaingia baada ya sensa ya hewa, au sensa ya hewa inadanganya, au pampu ya mafuta imechoka.

Anayejua ataendelea hivi. Atatazama marekebisho ya mafuta gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa), kisha akishika mizunguko 2,500. Yakiwa makubwa kwenye sailensa na kushuka akikanyaga, ni uvujaji wa hewa, kwa sababu tundu lile lile ni kubwa mbele ya hewa kidogo na dogo mbele ya hewa nyingi. Yakipanda kadiri anavyokanyaga, atapima presha ya mafuta au kuikagua sensa ya hewa. Kwa uvujaji atapuliza moshi ndani ya mfumo wa hewa na kungoja aone unatokea wapi. Kwenye M54 moshi hutoka mara nyingi kwenye mikunjo ya mpira ulio kati ya sensa ya hewa na throto, upande wa chini usioonekana, au kwenye valvu ya DISA, au kwenye mabomba ya kupumulia injini yanayovunjika kama mkate mkavu ukiyagusa. Mashine ya moshi si anasa. Wengine hujitengenezea wenyewe. Gereji isiyo nayo kabisa inatafuta uvujaji kwa kubadilisha spea moja moja, na anayelipia majaribio hayo ni wewe.

Jambo lingine la Kampala ni kompresheni. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo geji itasoma pungufu ya kitabu kwa asilimia 12 hadi 14 hata injini ikiwa nzima. Akija mtu na namba hizo akasema injini imekufa, inafaa ifufuliwe kwa kufumuliwa yote, mwulize silinda zinatofautianaje. Zikiwa karibu karibu, ndani ya asilimia 10, injini yako iko salama na anayehitaji kufumuliwa ni yeye. Kama moja imeachwa nyuma, sasa afanye kipimo cha kuvuja: aingize hewa ya kompresa kwenye silinda na asikilize inapotokea. Ikitoka ekzosi, ni valvu. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia mafuta, ni ringi. Ikitoa mapovu kwenye tanki la maji, ni gasketi ya hedi. Chini ya asilimia 10 ni afya njema. Ikizidi 20, kuna la kuzungumza.

Na kipimo kilipiwe. Wenye magari wengi hapa wamezoea kupimiwa bure kisha kulipia spea, ndiyo maana mafundi wamejifunza kupata riziki kwenye spea. Ukimlipa mtu kwa saa mbili za kupima, hana sababu ya kukuuzia sensa.

Kazi ya majaribio

Usimpe mtu mpya injini. Mpe mfumo wa maji. Ni kazi ambayo gari lolote la miaka hii linaihitaji, haimalizi siku mbili, na inaonyesha tabia zote za fundi bila kuhatarisha kila kitu.

Kwa M54 vifaa vyake vinajulikana: tanki la plastiki na kifuniko chake, mabomba ya juu na ya chini, themostati pamoja na nyumba yake, pampu ya maji yenye panga la chuma, sensa ya joto kwenye bomba la chini, skrubu ya plastiki ya kutolea hewa, puli na mikanda kwa kuwa tayari imefunguliwa. Rejeta pia, kama shingo yake ya plastiki imegeuka rangi. Kulanti ni ya aina ya G48, ya buluu, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Mfumo hula lita 8 na ushee. Maji ya bomba hapana. Anayesema kulanti ni rangi tu, mwache, ita mwingine.

Mtazame anavyofanya. Je, alitia presha mfumo wa zamani kwanza kwa pampu ya mkono ili aone unavuja wapi, au aliingia moja kwa moja na bisibisi? Nati za pampu ya maji ni M6, zinakazwa kwa niutonimita 10 tu, nguvu ya vidole viwili. Akizishika kwa rachati ndefu, nyuzi za aluminiamu zitaondoka nazo. Gari lenye feni ya klachi, nati yake ya milimita 32 hufunguka kinyume, na asiyejua huligundua baada ya kuvunja kitu. Wakati wa kujaza, aweke swichi iwashe bila kupiga injini, hita kwenye joto la juu kabisa na feni yake polepole, afungue skrubu ya hewa, amimine taratibu mpaka mapovu yakome na maji yatoke mfululizo. Hiyo ya hita ndiyo husahauliwa: bila hita kufunguka, hewa hubaki ndani na gari litachemsha tena likiwa na spea mpya zote, na hapo utaambiwa ni gasketi.

Kisha majaribio. Mshale wa joto wa E46 hauaminiki, BMW waliutuliza usimame katikati kuanzia nyuzi 75 hivi hadi kama 115. Ukianza kusogea, umeishachelewa. Fundi mwenye mashine ataunganisha na kusoma nyuzi halisi, akuonyeshe gari likikaa kati ya 90 na 100 na kitu kwenye foleni. Entebbe Expressway ni nzuri kwa kupima injini ikipumua, ila mtihani wa kupoza ni foleni ya saa kumi na mbili jioni. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, kimo cha maji kitazamwe tena.

Kama gari lilishachemsha vibaya kabla hujalipata, mwulize fundi kuhusu nyuzi za bolti za hedi. Bloku ya M54 ni ya aluminiamu, na joto likizidi, nyuzi hizo za bolti hulegea. Hedi inachongwa ikawa tambarare kama meza, inarudishwa na bolti mpya, inakazwa kwa niutonimita 40 kisha kuzungushwa digrii 90 na digrii 90 nyingine, na bolti mojawapo inazunguka tu bila kukaza. Mwenye uzoefu huwa ameandaa vipande vya chuma vya kutengenezea nyuzi mpya kabla hajafungua. Anayeanza kuvitafuta Kisekka, kwenye soko la spea, hedi ikiwa mezani atakuchelewesha mwezi.

Hapa pia yafaa kutaja N52, mrithi wa M54 kwenye E90. Bloku yake ina magnesi, na bolti zake nyingi ni za aluminiamu, za mara moja. Ukiona fundi anazisafisha azirudishe, au anaweka za chuma "zenye nguvu zaidi", msimamishe. Chuma na magnesi vikikutana kwenye unyevu, magnesi huliwa.

Mikono mingi, mwenye kazi mmoja

Kosa la wengi ni kumtafuta mtu mmoja anayejua yote. Hayupo, hata Munich. Gari la namna hii huhudumiwa na mikono minne au mitano: fundi mkuu, fundi wa umeme na kompyuta, wa giaboksi, karakana ya kuchonga hedi na krenki, na mchomeleaji. Unachotafuta ni fundi mkuu mwenye adabu ya kusema "hii si yangu, tumpelekee fulani" na bado abaki na jukumu la gari zima.

Industrial Area kuna gereji zenye lifti, sakafu ya saruji na risiti. Bei iko juu, ila gari halilali barabarani. Ndeeba na Kisekka kuna mikono ya haraka na spea jirani, na ndani ya vurugu ile wamo mabingwa wa kitu kimoja tu, kama pampu za usukani au breki. Katwe ndiko kwa chuma. Kwa E46, Katwe huja kwenye habari mapema kuliko mtu anavyotarajia: sakafu ya nyuma, pale fremu ya ekseli inaposhikwa kwa bolti nne, hupasuka, M3 zaidi ya wenzake, na mashimo ya barabara zetu hayasaidii. Hapo panatakiwa kuimarishwa kwa mabati maalumu na kuchomelewa kwa mashine ya MIG, tanki la mafuta likiwa limeshushwa na betri imefunguliwa. Mchomeleaji wa mageti, hata awe hodari namna gani, asilale chini ya gari hilo mpaka fundi mkuu amesimama pembeni.

Watu wa mashindano ya magari wa Busiika wasidharauliwe. Magari yao mengi ni ya Japani, lakini nidhamu ni ileile: wanaweka alama ya rangi kwenye kila bolti iliyokazwa, wanaandika, wanajua joto linafanya nini kwa mafuta. Mafundi waliowahi kufanya kazi kwa mawakala rasmi kisha wakajitegemea nao ni hazina, mradi uulize waliacha lini. Aliyeondoka kabla ya mfumo wako kuingia sokoni hakufundishwa mfumo wako. Cheti cha DIT, cha serikali cha mafunzo ya ufundi, kinathibitisha ufundi wa jumla, na ni jambo jema, ila hakisemi chochote juu ya VANOS, mfumo wa BMW wa kubadili muda wa valvu.

Marejeo omba ya injini. "Nipe watu watatu wenye S54 uliowahudumia, wa mwaka jana, si wa mwezi uliopita." Kazi mbovu huonekana baada ya miezi, ndiyo maana wa mwezi uliopita wote watamsifu. Waulize swali moja: gari liliporudi na tatizo, alifanya nini?

Spea

Kisekka huuzwa kwa macho: lete ya zamani tuone. Kwa Toyota inafaa. Kwa BMW ya 2003 kuna themostati mbili zinazofanana na moja si yako. Tumia namba ya chesisi, herufi na tarakimu saba za mwisho, kupata namba ya spea yenye tarakimu 11. Benzi ni herufi A na tarakimu 10. Fundi anayeagiza kwa namba amekuokolea safari mbili. Anayeagiza kwa "mfano wa 2003" ataleta isiyoingia, na duka halirudishi.

Kununua boksi la BMW si lazima. Mahle au Behr kwa tanki na rejeta, Lemförder kwa mikono ya chini, Sachs, Bosch, Elring kwa gasketi: hao ndio huwatengenezea viwanda. Mara nyingine utaona spea ya Lemförder ambayo mahali pa nembo pamekwanguliwa. Usishtuke, ndiyo hiyo hiyo inayouzwa na BMW, nembo imeondolewa tu. La kushtukia ni boksi zuri lenye spea isiyo na maandishi yoyote mwilini, au raba inayonuka mafuta ya taa.

Vingi havipo Kampala na vitatoka Nairobi kwa basi la usiku kupitia Busia au Malaba, au Sharjah kwa vilivyotumika, au Uingereza kwa vile vya M na AMG. Vilivyotumika vina mpaka wake. Mlango, taa, hata difu, sawa. Kompyuta ya injini ya E46 inatambuana na kisanduku cha EWS cha gari lake, kinachozuia wizi, na ukichukua ya gari lingine injini haitawaka mpaka vioanishwe. Dashibodi za Volkswagen na Audi za miaka hiyo zina ndani yake mfumo wa kuzuia wizi unaotambua ufunguo. Muuzaji atakwambia "chomeka tu". Wakati wa kuprogramu kompyuta, betri ishikwe na chaja ya kutuliza umeme kwenye volti 13 na zaidi muda wote. Umeme wa gereji ukikatika katikati ya kazi, kompyuta inaweza kugeuka jiwe. Uliza kama wana inveta.

Karatasi

Kabla gari halijalala gereji piga picha: kilomita, kimo cha mafuta, rimu, redio, na chini ya gari ili ekzosi ionekane na kichujio chake. Kichujio hicho kina madini ya thamani na hutoweka bila kelele. Utakachosikia ni gari kunguruma vizuri zaidi. Weka nukta ya rangi kwenye turbo, koili na injekta. Spea zote za zamani zirudi kwako ndani ya boksi la mpya, na sema hivyo mwanzoni, kwa upole, ili isionekane ni tuhuma.

Spea lipa moja kwa moja dukani kwa MoMo au Airtel Money, ibaki rekodi yenye jina. Ufundi gawa: kidogo mwanzo, kingi baada ya majaribio. Gereji inayotoa ankara ya EFRIS, ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, ina anwani, na ikikosea unajua pa kurudi. Iandike kazi kwa maneno yake: si "sevisi ya injini", ila "kubadili mafuta lita 6.5 ya kiwango cha BMW LL-01, filta, kusoma kodi moduli zote".

Kazi kubwa

Beringi za konrodi za S54, S65 (ya M3 ya E90) na S85 (ya E60 M5) ndizo zinazowatia watu hofu, na hofu ina msingi. Huisha kimya. Zikigonga, krenki imeishakwaruzwa. Ndiyo maana wenye magari haya huzibadilisha mapema, kabla ya dalili, na hutumia mafuta ya 10W-60 bila kubishana. Kuipasha injini moto taratibu kabla ya kuikanyaga ni sehemu ya dawa, kwa sababu mafuta mazito yakiwa baridi hayafiki haraka kwenye nafasi zile finyu.

Kwenye S54 sampu haitoki mpaka injini ining'inizwe kutoka juu na fremu ya mbele ishushwe. Uliza kama wana daraja la kuning'inizia. Jeki chini ya puli si jibu. Bolti za konrodi ni mpya, daima, na hukazwa kwa hatua na kwa pembe kama BMW walivyoandika, hakuna mkato. Vikombe vya zamani vipangwe mezani kwa namba ya silinda, cha juu na cha chini, vipigwe picha: cha juu kikiwa kimeonyesha shaba, ulifika kwa wakati. Krenki yenye mkwaruzo ipimwe kwa mikromita kabla ya mtu yeyote kutaja neno "kuchonga".

Kama Kampala nzima hakuna aliyewahi kuifanya kwa injini yako, Nairobi ni kilomita 650 hivi, na lori la kubebea gari huenda likawa nafuu kuliko krenki. Gari likirudi, mafuta ya kwanza yamwagwe baada ya kilomita 1,000, filta ipasuliwe, karatasi yake ikunjuliwe kwenye jua na kukaguliwa kwa sumaku. Vumbi jeusi kidogo la mwanzo ni kawaida. Vipande vinavyong'aa visivyoshikwa na sumaku ni beringi, na vikionekana, gari lisiwashwe tena hapo uani; livutwe kurudi kwa aliyezifunga.